Msimu Tulioisingizia Mvua

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenikuta njiani bila mwavuli. Nilipofika karakana nikiwa chapachapa, nikakuta nimeshavuliwa ufundi. Kuanzia leo kazi yangu kwenye klabu ya roboti ni kusoma kanuni.

Sababu naijua, sina haja ya kuzungukazunguka. Wiki iliyopita nilipewa gundi nigundishe tairi kwenye gurudumu, nikaligundisha gurudumu kwenye meza. Gundi yenyewe inakauka kabla hujamaliza kusema "ole wangu". Tumevuta, tumegonga nyundo, tumepasha moto, wapi! Mpaka leo gurudumu liko pale pembeni mwa meza kana kwamba limeota.

Spana, nahodha wetu, ambaye hata siku ya picha ya darasa alikuwa na bisibisi mfukoni, amenitupia kijitabu cha kanuni.

"Wewe mikono yako haina breki," akasema. "Shika karatasi. Kuanzia leo wewe ni Wakili wetu."

Kimya, anayeandika programu, hakusema kitu. Huwa hasemi, ndiyo maana anaitwa hivyo. Klabu nzima ni sisi watatu na mwalimu wa fizikia. Kwa hiyo nimeonewa na watu wote waliopo.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma kanuni zote pamoja na viambatisho. Watu waliozitunga ni watu walioumizwa. "Roboti haitaruka ukuta, haitapanda ukuta, haitabomoa ukuta, wala haitachimba chini ya ukuta." Maana yake mahali fulani ipo roboti iliyowahi kuchimba. Natamani ningeiona sura ya mwamuzi siku hiyo.

Kwa kifupi mambo yako hivi. Uwanja ni njia yenye kuta za mbao, imegawanywa miraba, kila mraba sentimita sitini kwa sitini. Una kona nane. Roboti inawekwa mwanzo, inabonyezwa kitufe, halafu hakuna wa kuigusa mpaka ivuke mstari wa mwisho. Kabla ya kuanza inaingizwa kwenye sanduku la kipimo, sentimita ishirini na tano kila upande. Isipoingia, mnafungasha. Kila timu ina majaribio mawili. Roboti ikishakabidhiwa asubuhi, programu haiguswi tena. Na kando ya uwanja wanasimama wanatimu wawili tu, jambo ambalo kwa timu ya watu watatu ni uchokozi wa wazi.

Nimewasomea wenzangu kwa sauti. Kwenye kanuni ya matairi wamecheka: "Tairi laweza kubadilishwa au kufunikwa kati ya jaribio na jaribio, kwa kitu chochote, mradi roboti iingie tena kwenye sanduku la kipimo." Spana akauliza kama "chochote" ni pamoja na soksi. Nimeangalia. Hakuna kinachokataza soksi.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu wa shule amekuja karakana, akasimama mlangoni bila kuingia. Bado hajasahau mashindano ya mwaka jana. Roboti yetu ilitoka nje ya uwanja, ikapita chini ya meza kuu, ikajizungusha kwenye kamba za viatu vya mgeni rasmi. Mgeni aliposimama kuhutubia, alianguka.

"Mwaka huu sitaki kombe," akasema. "Nataka hicho kitu kivuke mstari wa mwisho, basi. Kisipovuka, chumba hiki kinakuwa stoo ya madawati mabovu. Madawati yananyeshewa nje, na ninyi mko ndani mmekauka."

Mwalimu wa fizikia aliziangalia ndoo tatu tulizotega chini ya paa. "Tuone," akasema. Hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo, hata ukimwamkia.

Tulipotoka, madawati manne mabovu yalikuwa yameshaegeshwa ukutani nje ya mlango wetu, kama wapangaji wapya wanaosubiri wa zamani wahame.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Madawati yamefika saba.

Ijumaa, 14 Machi

Roboti imepata jina. Inakwenda polepole mno, imenyooka, haitazami kulia wala kushoto, na sote tunaisindikiza nyuma tukiinama. Nikasema, "Huyu si roboti, huyu ni bi harusi." Spana alinuna kwa heshima ya chuma chake, lakini mpaka jioni na yeye alikuwa anasema, "Mpisheni Bi Harusi."

Nimeomba Kimya anieleze anavyojua njia. Aliandika kwenye karatasi: kugeuka anajua mwenyewe, ana kihisi kinachopima pembe. Kwenda mbele hana macho, anahesabu tu mizunguko ya magurudumu. Akishazunguka idadi aliyoambiwa, anaamini amemaliza mraba. Nikamwambia hiyo ni imani kubwa. Akatabasamu. Nimehesabu kama mazungumzo.

Alhamisi, 20 Machi

AMEFIKA! Bi Harusi amemaliza njia yote kwenye uwanja wetu wa mazoezi, kona zote nane, bila kugusa ukuta! Uwanja ni wa katoni, Spana aliupima kwa futi yake ya chuma na kuta zake zimepinda kidogo, lakini amefika! Spana alipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza nani ameungua.

Jumatatu, 24 Machi

Hatuna uwanja.

Mvua ya Jumamosi na Jumapili haikuona haja ya kupita kwenye ndoo. Uwanja wote wa katoni umekuwa uji. Sanduku la kipimo tulilotengeneza nalo limelala ubavu, limelegea kama chapati. Roboti iko salama kwa sababu Spana huipeleka kabatini kila jioni. Nilikuwa namcheka kwa hilo. Leo nimenyamaza.

Futi yake ya chuma ilikuwa imelala kwenye maji. Imeshika kutu, haivutiki. Aliivuta, akaivuta, ikatoka kidogo, ikamrudia vidoleni. Alienda kukaa kwenye ngazi akiwa ametugeuzia mgongo sisi sote.

Mwalimu: "Tuone."

Jumatano, 26 Machi

Leo nimekuwa shujaa, naliandika hili kabla hawajasahau.

Mwalimu amepata vipande vya plaiwudi vilivyobaki kwenye jukwaa la zamani la ukumbi. Spana anapasua, Kimya anashikilia, nani wa kupima? Rula ya darasani ni fupi, ukipima nayo ukuta mrefu unakosea mara kumi. Nikatoa mfukoni futi ya mama, ile ya njano, ya kitambaa.

Mama ni fundi cherehani, na nyumbani kwetu kuna vitu viwili ambavyo haviguswi: mkasi wake na futi yake. Huwa inaning'inia shingoni mwake kama mnyororo wa meya. Leo asubuhi aliivua kwenda kuoga, nami nikaondoka nayo. Nitairudisha kabla hajamaliza kuitafuta. Ana nyingine, nyeupe, ila ile hukaa tu kwenye droo.

Nimepima kuta zote, miraba yote, na sanduku jipya la kipimo. Mistari yangu imenyooka kama wembe. Spana mwenyewe kasema, "Kumbe Wakili una mkono." Nimekwenda nyumbani nikiwa na kichwa kikubwa, nikairudisha futi kimyakimya kwenye cherehani.

Ijumaa, 28 Machi

Ajabu ya mwaka: Bi Harusi haingii kwenye sanduku jipya.

Lile la katoni alikuwa anaingia kama mguu kwenye soksi. Hili la plaiwudi anakwama mabegani. Spana alizunguka sanduku mara tatu, akatoa hukumu: roboti imevimba. Ubao wa chini umenyonya unyevu, umejaa.

"Chuma nacho kimevimba?" nikauliza.

"Msimu huu hata chumvi imeyeyuka kopo zima. Usinifundishe unyevu."

Akachukua rula ampime. Hapo nikainuka na kijitabu changu, maana ndiyo kazi niliyopewa. Kiambatisho B, aya ya pili: "Kipimo pekee kinachotambuliwa ni sanduku." Nikamsomea mara mbili, kwa sauti ya mahakamani. Sanduku ndilo mwamuzi, rula haina kura. Spana akanikodolea macho, akairudisha rula mezani.

Sasa anamkata Bi Harusi. Anatoa kidogo mbele, kidogo nyuma, kidogo mabegani, na kila kipande kikianguka anavuta pumzi kama kinatoka mwilini mwake.

Jumanne, 1 Aprili

Bi Harusi anaingia sandukuni. Lakini kwenye uwanja mpya anapitiliza, kila mraba anakwenda mbele zaidi kidogo, na kwenye kona ya nne anabusu ukuta. Kimya alikaa chini akaipapasa plaiwudi. Mwishowe akasema neno: "Unyevu."

Alimaanisha plaiwudi yenye unyevu ina utelezi, roboti ikifunga breki inateleza mbele. Akapunguza umbali wa kila mraba kwenye programu. Bi Harusi sasa anapita katikati ya njia kama aliyezaliwa humo.

Mvua hii itatueleza siku moja ilikuwa na ugomvi gani na sisi.

Jumapili, 6 Aprili

Mdogo wangu amerefuka! Mwezi wa kwanza mama alimpima akapata sentimita mia na ishirini na moja. Leo mama akiwa dukani nimempima mimi kwa futi ya njano aliyoiacha kwenye cherehani: mia na ishirini na tatu. Amekwenda kuwatangazia majirani. Amedai suruali ndefu, amedai kiti cha mbele, amedai nisimwite tena "mtoto".

Mama aliporudi alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "Amerefuka wapi? Suruali zake mbona ziko palepale?"

"Wakati wa mvua vitu vinaota, mama," nikamwambia.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Madawati kumi na matatu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimewahi karakana nikamkuta Spana peke yake, anafuta meza. Si sehemu yote, anafuta kwa kulizunguka lile gurudumu langu lililoganda.

Nikamwambia nisamehe kwa meza. Akacheka. Akasema kwao wako tisa kwenye vyumba viwili, na wadogo zake wana mikono kama yangu. Kitu chochote akikiweka, akirudi kimekatwa, kimechorwa au kimeliwa.

"Hapa nikiweka bisibisi mezani, kesho naikuta palepale," akasema. "Hata gurudumu lako. Najua ni upuuzi, lakini nikiingia nikaliona, naona raha."

Nilidhani yeye anataka kushinda tu. Siku zote nilimwona mtu wa kuamrisha, anayelinda misumari kana kwamba ni dhahabu, kumbe analinda chumba. Tukatoka pamoja, tukapita kwenye madawati bila kuyaangalia, kama mtu anavyompita jirani anayemdai.

Nimeanza kuitaka hii karakana ibaki kwa hasira kabisa.

Jumatano, 30 Aprili

Bi Harusi amepita njia nzima kila tulipomweka. Kila mara! Kimya amecheka kwa sauti. Mwalimu alisahau kusema "tuone", akasema, "Naona."

Ijumaa, 9 Mei

Kesho ni kesho. Swali la akina nani wasimame uwanjani nililisubiri kwa wiki kadhaa nikijifanya silisubiri. Kimya lazima, ndiye anayemjua roboti. Na nahodha ni nahodha. Nilishatayarisha sura ya kusema "haina shida".

Spana akafunga sanduku la vifaa. "Kimya na Wakili," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi akikwama nitamgusa. Najijua. Mkono utatoka wenyewe, tufutwe. Wewe unazijua kanuni, utajizuia."

Nimetoka nje nikasimama mvuani kidogo, maana macho yalikuwa yameloa na nilitaka kuwe na sababu.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika hivi nikiwa na gundi isiyotoka kwenye kidole gumba.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, mkavu, na uwanja wenyewe umepakwa rangi nyeupe mpaka unaona aibu kuweka kitu chenye matope. Mama alifunga duka akaja na mdogo wangu. Walikaa nyuma ya kamba ya watazamaji, karibu na meza za matengenezo. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi.

Tukamweka Bi Harusi kwenye sanduku lao la kipimo. Akaingia, akabaki anacheza humo ndani kama kokwa kwenye kopo.

"Mbona mmejinyima hivi?" mwamuzi akauliza. "Nafasi yote hii mmemwachia nani?"

Spana alikunja uso. "Ukumbi mkavu huu," akaninong'oneza. "Amenywea."

Nilikubali. Mungu anisamehe, nilikubali.

Roboti ikakabidhiwa, programu ikafungwa. Jaribio la kwanza, Kimya akabonyeza kitufe. Bi Harusi akaondoka kwa madaha yake, akafika kona ya kwanza, akageuka mapema. Kona ya pili, akachubua bega ukutani. Kona ya tatu akageuka akaingiza pua kwenye ukuta, magurudumu yakabaki yanazunguka pale pale, krrr, krrr, mpaka filimbi ikalia. Mtu mmoja nyuma akacheka. Nilimtafuta kwa macho, nilitaka kumkumbuka.

Tulirudi meza ya matengenezo, ambako tunaruhusiwa wote watatu. Spana alishika kingo za meza kama mtu anayezuia isiondoke. Nikaona kichwani madawati yanaingia mlangoni kwetu moja moja.

"Anageuka mapema," Kimya akasema. "Kidogo kila mraba."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama nilivyopunguza. Mbili."

"Sentimita mbili?"

"Mbili kila mraba."

Nikamtazama Bi Harusi. Kwenye sanduku lao alikuwa na nafasi ya vidole viwili. Alivimba kiasi gani, Spana? Spana akasema kwa sauti ya chini, sentimita mbili. Na mdogo wangu alirefuka kiasi gani? Nikageuka. Alikuwa kwenye kamba, ananipungia mkono, suruali yake ikiwa palepale.

Nikakimbilia kamba.

"Mama! Ile futi yako ya njano ina nini?"

Mama akaacha kutafuna karanga. "Wewe umeigusa futi yangu?"

"Mama, utanipiga baadaye, tafadhali. Ina nini?"

"Haina kitu. Mwanzo wake umekatika tu, inaanzia mbili. Mimi nahesabu kichwani, nimeshazoea." Halafu akaona sura yangu. "Yalaa! Umepima nini na futi yangu?"

Nimepima kila kitu, mama. Nimepima uwanja mzima.

Nilirudi mezani nikawaambia bila kupunguza neno: hakuna kilichovimba, hakuna kilichoteleza, hakuna kilichonywea. Uwanja wetu wa plaiwudi ulikuwa na miraba ya hamsini na nane, na Kimya alimfundisha Bi Harusi kutembea hamsini na nane. Sanduku letu lilikuwa la ishirini na tatu. Na Spana aliposhika rula ili aujue ukweli, mimi ndiye niliyemsomea aya ya pili.

Nilisubiri anile mbichi. Spana aliketi sakafuni.

"Kwa hiyo roboti yangu haikuvimba."

"Haikuvimba."

"Nilimkata bure."

"Bure kabisa."

"Nilijua!" akapiga goti lake, akaanza kucheka, na hicho kicheko kilinitoa machozi kuliko kama angenitukana. "Chuma kivimbe! Nimelala siku ngapi nikijiuliza chuma kinavimbaje!"

Kimya hakucheka. Alikuwa anaangalia kompyuta yake iliyofungwa kwenye mfuko wa waamuzi. Programu haiguswi. Tulichokuwa nacho ni roboti tu anayetembea hatua fupi kwenye uwanja wa hatua ndefu.

Hatua. Nikafungua kijitabu, ingawa kile kifungu nakijua kwa moyo. Tairi laweza kufunikwa kwa kitu chochote.

"Kimya," nikasema, "gurudumu likiwa nene zaidi, mzunguko mmoja utamfikisha mbali zaidi?"

Akachukua kalamu akahesabu kwenye kiganja. Gurudumu letu lina kipenyo cha sentimita sita. Tukilinenepesha kidogo, hamsini na nane inakuwa sitini. Na kugeuka hakuharibiki, kwa sababu kugeuka anatumia kihisi.

"Milimita moja kuzunguka," akasema. "Isizidi."

"Kitu gani kina unene wa milimita moja?" Spana akauliza, ameshasimama. "Soksi ni nene!"

"Lastiki ya kiuno," mama akasema kutoka nyuma ya kamba. Alikuwa amesikia yote, ukumbi mzima ulikuwa umesikia. Akaingiza mkono kwenye mkoba akatoa kiviringo cha lastiki nyeupe kama mwingine anavyotoa leso. "Kateni mshazari pale mnapounganisha, isifanye nundu."

Spana akatoa ile gundi. Akaishika, akaitazama, akanipa mimi.

"Wakili. Safari hii kwenye roboti."

Nikagundisha. Sikupumua, lakini niligundisha kwenye roboti. Kidole gumba ni suala lingine.

Halafu mwamuzi akaja na sanduku lake, na hapo tukatazamana sote watatu, kwa sababu tuliona kwa pamoja. Kama Spana asingemkata bure, Bi Harusi angejaza sanduku pomoni, na hizo tairi nene zingemkwamisha mlangoni. Akaingia. Akaingia na nafasi ikabaki.

"Sasa naona mlimwachia nani," mwamuzi akasema.

Jaribio la pili. Mimi na Kimya kando ya uwanja, mikono nimeiweka nyuma nimeishika yenyewe kwa yenyewe. Kitufe. Kona ya kwanza, katikati ya njia. Ya pili. Ya tatu, pale alipokwama, akageuka kwa adabu akaendelea. Nyuma ya kamba nilimsikia Spana anasema, "Mpisheni, mpisheni," taratibu, kama anasali. Kona ya nane aliikaribia sana, ubavu wake ukasugua rangi kidogo, mkono wangu ukataka kutoka, nikauzuia. Akanyooka. Akavuka mstari kwa mwendo wake uleule wa kutojali, na akasimama.

Kimya akapiga ukelele ambao sidhani kama hata mama yake ameshawahi kuusikia. Spana aliruka kamba, jambo ambalo kanuni hairuhusu, na mwamuzi aligeuka akatazama ukuta mpaka alipomaliza kutukumbatia.

Tumekuwa wa saba. Timu zilikuwa kumi na mbili. Mdogo wangu anawaambia watu tumeshinda, na simsahihishi.

Jumatatu, 12 Mei

Jua. Mkuu wa shule amekuja karakana, amesimama mlangoni kama kawaida.

"Nasikia kimevuka."

"Amevuka," Spana akasema.

Mkuu akatazama nje, madawati kumi na tisa. "Sasa haya niyaweke wapi?"

"Tuone," mwalimu akaanza, nikamkatiza, nikasema mwaka ujao tunahitaji uwanja wa mbao ngumu usionyonya maji, na madawati mabovu ni mbao ngumu. Mkuu aligonga ubao wa dawati la karibu. Akasema, "Chukueni yote." Na kwa mara ya kwanza akaingia ndani. Aliona gurudumu mezani, akajaribu kulichukua. Hakuna aliyemwambia.

Jumanne, 13 Mei

Nimempima mdogo wangu kwa futi nyeupe. Mia na ishirini na moja. Amesema anakataa matokeo.

Mama alikuwa anashona. Nikaichukua ile ya njano pembeni ya cherehani, nikamkabidhi mbele ya macho yake, nikaomba radhi ipasavyo, nikauliza swali ambalo lilikuwa linanikereketa tangu Jumamosi: futi imekatika mwanzo, mpya iko kwenye droo, kwa nini uendelee kuhesabu kichwani miaka yote hii?

Mama akasimamisha cherehani. Akaichukua futi, akaigeuza, akanionyesha mwisho wake uliokatwa. Pembeni kuna vishimo vidogo vidogo, vimejipanga kwa jozi.

"Haikukatika yenyewe," akasema. "Ulikuwa unaota meno. Nilikuwa nakuweka hapa chini ya meza nikishona, ukaitafuna mpaka kile kichuma cha mwanzo kikang'oka. Nikakitoa mdomoni mwako, nikakata sehemu iliyochakaa. Ningeitupa, lakini angalia, meno yako yako hapa."

Akaivaa shingoni, akarudi kwenye cherehani yake.

Nimekaa chini ya meza ile kwa muda, pale pale nilipokuwa nawekwa, ingawa sasa nalazimika kukunja shingo. Mvua naiomba radhi. Zile sentimita mbili nilizila mimi.